Damu ni yako, majibu ni ya ukoo mzima!

Mpenzi msomaji, neno "kupima" hapa mjini tumelizoea kwa maana moja tu. Ukimwambia mtu "jana nilikwenda kupima," hakuulizi ulipima nini. Anakukazia macho usoni, anatafuta majibu mwenyewe. Tumekulia kwenye zama za ushauri nasaha, za kukaa kwenye benchi na kikaratasi chenye namba, roho juu juu, ukisubiri kuitwa kwenye kile chumba cha mwisho.

Wiki hii nataka tuongee kuhusu kupima kwingine. Kipimo cha ukimwi kinakuambia kilichomo mwilini mwako leo. Hiki ninachokisema kinakuambia kinachoweza kuja mwakani, au baada ya miaka ishirini, au kisije kabisa. Ni kipimo cha jeni za kansa ya kurithi. Mtu ni mzima wa afya, hana uvimbe, hana homa, Jumamosi alikuwa kwenye mdundiko hadi usiku wa manane. Anatolewa damu kidogo tu. Akirudi kuchukua majibu anaambiwa: wewe huumwi, ila...

Hilo "ila" ndilo linalowanyima watu usingizi.

ANGELINA AISHANGAZA DUNIA

Angelina Jolie unamjua, huna haja ya kutambulishwa. Mei 2013 aliandika makala katika gazeti la The New York Times, ikawa gumzo kila kona. Alisema amefanyiwa upasuaji wa kuondoa matiti yote mawili, na wala hakuwa na kansa! Alikuwa na miaka 37.

Kisa? Mama yake mzazi, Marcheline Bertrand, alipambana na kansa karibu miaka kumi, akafariki mwaka 2007 akiwa na miaka 56 tu. Angelina akapima, akaambiwa amerithi hitilafu kwenye jeni inayoitwa BRCA1. Madaktari wakamkadiria kuwa hatari yake ya kupata kansa ya matiti ni asilimia 87, na ya ovari, yaani vile vifuko vya mayai ya uzazi, asilimia 50. Baada ya upasuaji, hatari ya matiti ikashuka chini ya asilimia 5. Machi 2015 akaondoa na ovari pia.

Huku kwetu saluni nzima ilisema kachanganyikiwa. "Titi zima unalikataje, jamani? Na uzuri wote ule?" Lakini wiki mbili hazikutimia tangu ile makala itoke, mama yake mdogo, mdogo wake marehemu Marcheline, naye akafariki kwa kansa ya matiti. Hapo waliokuwa wakicheka wakanyamaza.

Hofu ikasambaa, na hamu ya kujua pia. Uingereza, idadi ya walioelekezwa kwenye kliniki za kansa ya kurithi Juni na Julai mwaka huo ilifika mara mbili na nusu ya kawaida. Marekani, katika siku 15 za kazi baada ya makala, vipimo vya jeni hizo vilipanda kwa asilimia 64. Habari ya mtu mmoja maarufu iliwainua maelfu ya wanawake kutoka kwenye viti vyao.

TUFAFANUE KIDOGO

Mimi ni wa Fomu Foo, na biolojia yenyewe nilipita kwa kuchechemea, kwa hiyo nitasema kwa lugha ya kijiweni.

Jeni ni kama maelekezo ya fundi yaliyoandikwa ndani ya mwili. BRCA1 na BRCA2 ni jeni ambazo kila binadamu anazo, mwanamke kwa mwanaume. Kazi yake ni kurekebisha mambo yanapoharibika ndani ya chembe hai. Kila mmoja wetu ana nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Ukirithi nakala moja yenye hitilafu, karakana yako ina fundi pungufu. Unaweza kuishi hivyo hadi uzeeni bila shida, lakini milango ya kansa iko wazi zaidi kuliko kwa wenzako.

Aliyeanza kuifumbua siri hii ni mama mmoja mwanasayansi wa Marekani, Mary-Claire King. Miaka mingi wataalamu wengi hawakuamini kuwa jeni moja tu inaweza kuibeba kansa ya matiti kutoka kizazi hadi kizazi. Yeye akang'ang'ania, na mwaka 1990 akaonyesha kuwa iko kwenye kromosomu namba 17. BRCA1 yenyewe ilinaswa mwaka 1994, na BRCA2 mwaka 1995.

Sasa sikiliza namba hizi vizuri. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa mwanamke mwenye hitilafu ya BRCA1 ana hatari ya asilimia 72 ya kupata kansa ya matiti kabla hajafika miaka 80, na wa BRCA2 asilimia 69. Kwa ovari ni asilimia 44 na 17. Lakini usikurupuke! Kansa nyingi za matiti hazitokani na urithi huu. Zinazorithiwa waziwazi ni kati ya asilimia 5 na 10 tu.

Na usije ukasema haya ni magonjwa ya Wazungu. Dk. Olufunmilayo Olopade, mzaliwa wa Nigeria anayefanya kazi Chuo Kikuu cha Chicago, pamoja na wenzake, waliwapima wagonjwa 1,136 wa kansa ya matiti nchini Nigeria. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: asilimia 7 walikuwa na hitilafu ya BRCA1, na asilimia 4 ya BRCA2. Jeni haziombi viza.

BARUA KUTOKA UINGEREZA

Najua unajiuliza, huyu binti wa Bongo kimemsukuma nini kuingia kwenye mambo mazito hivi? Nitakuambia. Yameingia kwetu.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi Uingereza. Akiwa na miaka 36 aliona uvimbe kwenye titi la kushoto. Akatibiwa, akapona, tunamshukuru Mungu. Kwa kuwa alikuwa kijana, na kwa kuwa mama yake alifariki kwa kansa ya matiti mwaka 2004 akiwa na miaka 43, madaktari wa huko wakampima jeni. Wakamkuta na hitilafu ya BRCA2.

Kliniki ikampa barua ya kuwapa ndugu. Ni karatasi moja tu: inataja jeni, inataja hitilafu, inasema ndugu wa damu wanaweza kupima. Dada akaipiga picha, akaituma kwenye kundi letu la ukoo, lile la WhatsApp, ambalo kwa kawaida lina michango ya harusi na picha za maua ya asubuhi njema.

Siku mbili nzima hakuna aliyeandika kitu. Kundi lenye watu 31!

Dada alinipigia usiku huo wa pili analia. Akasema, "Mdogo wangu, kansa yenyewe sikulia hivi. Najiona kama mchawi niliyetuma kitu nyumbani." Hebu fikiria. Mtu ametoka kwenye dripu za sumu, nywele ndio kwanza zinaota, na sasa anajiona mkosaji kwa sababu amesema ukweli.

MAZIWA YA MAMA

Mama yangu mzazi ndiye aliyenitia uchungu zaidi. Kuna mjukuu wetu mmoja anasoma udaktari, akamweleza taratibu: mama mkubwa na mama ni baba mmoja mama mmoja, kwa hiyo mama ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa na hitilafu ileile. Akiwa nayo, kila mtoto wake naye ana nusu kwa nusu.

Mama akakaa kimya, halafu akasema, "Kwa hiyo labda nimewanyonyesha sumu?"

Si maziwa, tukamwambia. Wala si kosa lake, maana jeni haichaguliwi kama kitambaa dukani. Lakini neno la kitaalamu halifiki haraka pale panapouma. Waliokaa na familia za namna hii huko nje wanasema jambo hilohilo: mzazi hulia kwa alichompa mtoto kuliko kwa alicho nacho mwenyewe.

Mjomba naye akajitoa mapema. "Hayo ya matiti ni ya kina mama." Pole mjomba! Mwanaume anairithi sawasawa na mwanamke na anaigawa sawasawa. Na BRCA2 humwongezea mwanaume hatari ya kansa ya tezi dume, na hata ya titi, maana titi analo ingawa dogo. Mjomba ana mabinti watatu. Alipoelezwa hilo, kwa mara ya kwanza niliona jasho linamtoka bila jua.

KUMBE HAKUNA ALIYEROGA?

Kuna la zamani ambalo barua ile ililifukua. Bibi yetu alifariki Muheza mwaka 1989, tumbo limevimba. Wakati huo maneno yalikuwa mengi, na kidole kikaelekezwa kwa bi mdogo, mke wa pili wa babu. Eti alimtupia kitu. Tangu hapo nyumba mbili za babu mmoja haziendeani msibani. Miaka zaidi ya thelathini!

Bibi hawezi kupimwa tena, na hakuna anayeweza kuapa kuwa ilikuwa kansa ya ovari. Lakini kila mtu mzima kwenye ukoo aliisoma barua ile akapiga hesabu kimoyomoyo. Shangazi mmoja alinong'ona, "Kama ilikuwa damu yetu wenyewe, yule mama tulimfanyia nini?"

Halafu likaja jingine. Hakuna anayejua kama hitilafu ilitoka kwa bibi au kwa babu. Kama ni kwa babu, basi watoto wa bi mdogo nao wanaweza kuwa nayo. Maana yake watu tuliowaita wachawi inabidi wapewe barua hiyo hiyo. Mwezi uliopita mjomba alipanda basi la Muheza akiwa nayo mfukoni. Walimpokea, wakampa chai, wakaisoma. Hakuna aliyeomba radhi siku hiyo na hakuna aliyefukuzwa. Mjomba kasema chai ilikuwa na tangawizi nyingi. Kwa kuanzia, si haba.

MAJIBU MAZURI NAYO YANA KIDONDA

Usidhani anayeambiwa "huna" anaruka kwa furaha kila mara. Wapo wanaolia. Anajiuliza, kwa nini dada yangu na si mimi? Anaona aibu kufurahi mbele ya mwenzake aliyekatwa. Wengine waliishi ujana wote wakiamini watakufa kama mama zao, hawakuoa wala kuolewa, hawakujenga, na ghafla wanaambiwa wana miaka mingine arobaini ya kuishi. Sasa waifanyie nini?

Na wapo waliofarijika kwa kuambiwa "unayo." Annie Parker wa Canada alifiwa na mama na dada yake kwa kansa, kisha naye ikamkuta. Alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza nchini mwake kupimwa BRCA1 na kukutwa nayo. Maisha yake yalitengenezewa sinema mwaka 2013. Kwa mtu aliyezika na kuugua bila kupewa sababu, kupata jina la kitu kinachouandama ukoo wake si jambo dogo.

Basi ni heri kujua au kutojua? Mwaka 1998 Caryn Lerman na wenzake huko Marekani walitoa utafiti kuhusu watu wa familia za namna hii. Miongoni mwa waliokuwa na wasiwasi mkubwa tangu mwanzo, waliokataa kusikia majibu ndio waliozidi kuzama kwenye huzuni. Walioambiwa hawana, huzuni ilipungua. Walioambiwa wanayo, kwa wastani haikuongezeka. Maana yake giza nalo lina maumivu yake. Lakini hiyo si amri ya kumburuta mtu maabara. Haki ya kutojua nayo ni haki, na washauri wa jeni huanza na hilo kabla hawajagusa sindano.

MIMI JE?

Shoga zangu wananiambia, "Wewe kapime tu, si dada yako kasema gharama juu yake?" Laiti ingekuwa rahisi hivyo.

Sikilizeni hesabu hii. Mama akipima akakutwa hana, mimi sikuirithi kutoka kwake, na kwa habari hii ya ukoo wetu mchezo umeishia hapo. Lakini nikitangulia kupima mimi, nikakutwa nayo hitilafu ileile, basi nimeshampima na mama! Yeye hajatoa damu, hajakaa kwenye benchi, hajasema ndiyo, na majibu yake tayari ninayo mkononi. Nitarudi nyumbani nimwangalie vipi? Nikitabasamu ataniuliza. Nikinuna ataelewa.

Na siyo mama tu. Kuna mchumba. Nitamwambia lini, kabla ya mahari au baada? Kuna wadogo zangu wawili, mmoja ana miaka kumi na tano. Wataalamu hawampimi mtoto jeni hizi, wanamngoja awe mtu mzima aamue mwenyewe, na mimi nakubaliana nao. Mwache afaulu mitihani yake kwanza.

Kwa hiyo sijapima. Si kwa woga tu, ingawa woga upo, wala siufichi. Nimemwambia mama kwamba kwenye hili yeye ndiye wa mbele, na akisema hapana nitakaa naye kwenye hiyo hapana, kisha tutaongea tena. Ameniambia, "Nipe muda, mwanangu, nimzoee kwanza huyu mgeni." Nimempa.

KABLA HUJANYOOSHA MKONO

Msomaji wangu, kama siku moja na wewe utapewa nafasi ya kipimo hiki, haya ndiyo niliyojifunza kwa dada yangu.

Kwanza, jiulize majibu utayafanyia nini. Wenye hitilafu wana njia kadhaa: kuchunguzwa mara kwa mara kwa picha, dawa za kupunguza hatari, au upasuaji. Hakuna njia isiyo na gharama ya mwili au ya moyo, na ya Angelina si ya kila mtu.

Pili, taja mapema nani utamwambia. Usiitume kwenye kundi la watu 31 kama alivyofanya dada. Yeye mwenyewe anasema angerudi nyuma angempigia mmoja mmoja.

Tatu, ulizia sheria za pale ulipo. Marekani, kwa mfano, ilipitisha sheria mwaka 2008 kuzuia bima za afya na waajiri kukubagua kwa ajili ya jeni zako, lakini sheria hiyo haigusi bima ya maisha. Ndugu zetu walio huko walijue hilo kabla, siyo baada.

Nne, usipime peke yako. Sisemi damu, nasema moyo. Nenda na mtu ambaye akikuona unalia hatakuuliza "sasa unalia nini na wewe huumwi?"

Na kwa sisi tusio na kipimo hicho mkononi, kipo cha bure kinachotangulia vyote. Leo jioni muulize mama, muulize baba, muulize na shangazi: bibi alikufa na nini? Akiwa na miaka mingapi? Na dada zake je? Waandike kwenye daftari, upande wa mama na upande wa baba. Ukiona majina mawili matatu ya wanawake walioondoka mapema kwa titi au tumbo, mpelekee daktari daftari hilo. Na ukigusa uvimbe, usisubiri mwezi uandame. Wengi wetu jina la Ocean Road tunalisikia wakati ugonjwa umeshatembea, na hapo ndipo panapoua, kuliko hata jeni.

Mama kaniambia nikiandika haya nisiweke jina lake. Nimemtii. Ila kaongeza kuwa daftari la ukoo atalianza yeye, kwa mwandiko wake. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.